Tope la mtaro sio mbolea, na maswali mengine ya toleo hili

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya uchafu wa magereji na viwanda kukaa kwenye tope la mito na mitaro, yani ilikuwa mistari mitano hivi ya kujazia ukurasa, kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimekuja mpaka simu imejaa. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kwahiyo nimechagua chache, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kuliko yote maana yule mama ana haraka, viroba viko uani kwake sasa hivi tunavyoongea.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Sampuli. Mimi nalima mchicha na matembele hapa Kigoma mjini, bustani iko bondeni chini ya mtaro unaotoka kwenye magereji, kuna mafundi betri wawili, wachomeleaji, na jamaa wanaopiga rangi magari. Juzi vijana walizibua mtaro kabla mvua hazijachanganya wakaacha tope pembeni, jeusi, zuri kabisa kama mboji. Jirani kaniambia nichukue niweke kwenye matuta, eti hata maji ya huo mtaro yalishapimwa na cheti kilionesha risasi, yale madini ya kwenye betri, hakuna. Nimeshabeba viroba 12, kimoja nimekimwaga. Niendelee au niache? – Mama Mchicha, Mwanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha. Na hicho ulichokimwaga usikichanganye na udongo kwa jembe, kiache kilivyo juujuu mpaka usome mpaka mwisho.

Tuanze na hicho cheti maana ndio kimekuponza. Sisemi ni cha uongo, mimi nimekaa maabara ya maji miaka mingi na najua cheti cha kweli kinavyopotosha watu. Walipima maji, wewe umebeba tope. Ni sawa na mtu umuulize bei ya dagaa akujibu bei ya mgebuka, jibu lake sahihi kabisa ila sio ulichotaka. Haya madini mazito, risasi, zinki, shaba, kromiamu, kadimiamu na wenzake, mengi hayapendi kukaa ndani ya maji, yakiingia tu mtaroni yanatafuta kitu cha kunata, na kinachonata vizuri ni chembe laini za udongo wa mfinyanzi, kutu ya chuma na ile takataka iliyooza. Maji yanapita yanaenda zake ziwani, tope linabaki na mzigo. Kwahiyo unaweza ukachota maji ya mtaro saa sita mchana kiangazi ukayapeleka popote duniani yakaonekana hayana neno, huku inchi moja chini yake pana kitu kingine kabisa.

Jaribu hiki, hakina gharama. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, tia tope la mtaro ngumi moja, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke halafu isimamishe dirishani uanze kuhesabu. Hufiki ishirini mchanga mwingi umetua, unauona kabisa mstari wake chini. Nenda kapike, rudi baada ya saa nzima, bado maji yana rangi ya chai ya maziwa. Lala, amka asubuhi, juu pamekuwa peupe kidogo lakini ukiigusa tu chupa kile kitu kama moshi kinanyanyuka tena. Hicho kama moshi ndicho kinachobeba madini, sio mchanga. Wapimaji wa mashapo, yani hili tope linalotuama chini ya maji, wanachekecha kwanza wapate chembe za chini ya mikroni 63, ni laini kuliko unachoweza kukipata kwenye chekeche lako la unga. Na ndio hizo hizo zinazofanya tope lionekane jeusi zuri kama mboji, mwanangu. Ulichokipenda ndicho chenye shida.

Sasa mafundi betri. Nilishawahi kukaa kwenye gereji moja, mji wala jina sisemi, nasubiri gari, jamaa akaleta betri ya lori imekufa. Fundi akafungua vifuniko akamimina maji yake mtaroni, saruji ikatoa povu kama soda. Halafu akaigeuza akaigonga kitako mara tatu kama unavyogonga sufuria ugali utoke, likashuka tope la kijivu limechanganyika na kahawia, akasukuma na ndoo moja ya maji, biashara imeisha, akaniuliza mzee unakunywa soda gani. Lile tope ni risasi iliyosagika kutoka kwenye sahani za betri. Betri ya gari dogo tu ina risasi kama kilo 8 mpaka 10, na hii inayoshuka kitako nyingi yake iko katika hali isiyoyeyuka kirahisi kwenye maji, ndio maana cheti cha jirani yako hakikuiona.

Piga hesabu kidogo, ni hesabu ya darasa la tano. Kilo moja ya risasi ni miligramu milioni moja. Ikichanganyika sawasawa kwenye tani 10 za tope, yani kilo 10,000, kila kilo ya tope inapata miligramu 100. Udongo ambao haujachafuliwa mara nyingi una kama miligramu 20 kwa kilo. Kilo moja tu hiyo, na fundi hafungui betri moja kwa mwaka. Wataalamu wa mashapo wana mistari miwili wanayoitumia sana kwa risasi, chini ya miligramu 35.8 kwa kilo wale wadudu na viumbe wanaoishi kwenye tope kwa kawaida hawasumbuki, juu ya 128 kwa kawaida wanasumbuka. Hiyo ni mistari ya viumbe wa kwenye tope jamani sio ya mchicha, naisema mapema kabla mtu hajaniandikia.

Halafu kuna hii ya harufu ambayo watu wengi hawaijui. Lile tope jeusi ulipolibeba lilinuka yai viza, sindio? Ile harufu ni salfa, na inamaanisha ndani ya tope hakuna hewa. Tope likiwa halina hewa salfa inayashika madini kama gundi, yametulia. Ukilitoa ukalimwaga juani likakauka, hewa inaingia, ile gundi inaachia taratibu, na ukali wa asidi unaweza ukapanda, kadimiamu na zinki zinakuwa huru kuingia kwenye maji ya udongo na kwenye mizizi. Yani tope lilelile lililokuwa limefunga mdomo mtaroni linaanza kuongea kwenye tuta lako.

Mboga zinapata vipi? Inategemea madini. Risasi ni mvivu, haipandi sana kupitia mizizi, yenyewe inakuja kama vumbi na matone ya mvua yanayorusha udongo kwenye majani, na mchicha ulivyo mfupi unapokea yote. Kadimiamu ndio mjanja, inapanda kwa mizizi mpaka kwenye jani, na mboga za majani ndio zinaipenda zaidi, wala kuosha hakuitoi maana iko ndani. Bonde la Msimbazi kule Dar watafiti wameshapima mara nyingi tu wakakuta haya madini kwenye tope la mto na kwenye mboga zinazolimwa pembeni, kwahiyo sikutishii na hadithi ya Ulaya.

Cha kufanya. Kile kiroba ulichomwaga, nyunyizia maji kidogo kisitimue vumbi, vaa glavu, kikwangue na inchi moja ya udongo wa chini yake urudishe kwenye kiroba. Vyote 12 viweke sehemu moja mbali na kisima na watoto, funika na turubai, halafu nenda kwa afisa mazingira wa manispaa umwambie waziwazi, nimebeba tope la mtaro wa magereji nataka mlichukue. Usirudishe mtaroni, mvua itakuletea tena au itampelekea mwenzako wa chini. Na usimpe jirani, hata kama ndiye aliyekushauri (najua inatamanisha).

Matuta yako yainue kwa udongo wa sehemu nyingine, tia samadi ya kutosha ya mbuzi au ng'ombe, samadi inashika madini, na chokaa ya shamba au majivu kiasi yanapunguza asidi, kadimiamu haipandi sana. Ukiweza, upande unaopakana na mtaro hamishia nyanya, bamia na biringanya, matunda yanabeba kidogo kuliko majani, mchicha upeleke juu. Matembele osha maji matatu. Watoto wakitoka bustanini mikono ioshwe na sabuni kabla hawajashika kitu, mtoto mdogo tumbo lake linanyonya risasi mara 4 mpaka 5 kuliko la mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na akiwa na upungufu wa chuma au kalsiamu ananyonya zaidi, kwahiyo maharage na dagaa visikosekane.

Na ukitaka kupima kweli, pima tope. Chukua sehemu tatu, moja juu ya mtaro kabla haujafika kwenye magereji, moja chini ya magereji, moja bustanini. Kila sehemu chota tope la juujuu mahali patano tofauti, inchi mbili tu usichimbe, kwa kijiko cha plastiki na sio cha chuma, changanya kwenye mfuko mpya, andika na penseli maana wino unafutika. Hiyo ya juu usiiache hata kama hela imebana, bila hiyo namba zote ni mapambo, maana miamba yenyewe ina madini yake ya asili na huwezi kumlaumu fundi kwa kitu ambacho Mungu aliweka. Kuna Mjerumani anaitwa Müller mwaka 1969 alitoa kipimo kinachotumika mpaka leo, msingi wake unachukua ulichokuta unagawa kwa kile cha asili mara moja na nusu, hiyo moja na nusu ni ya kuipa asili nafasi ya kuyumba kidogo. Maabara waambie unataka risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba na zinki, kwenye tope, kwa miligramu kwa kilo. Wakikuletea cheti cha miligramu kwa lita warudishie.

SWALI: Habari ya kazi. Mume wangu ni mvuvi mwalo wa Kibirizi. Risasi za nyavu anatengeneza mwenyewe, ananunua betri mbovu anazivunja uani anayeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa anamimina kwenye vishimo vya mchanga. Sufuria ni yangu. Nikigomba anasema risasi ni chuma tu, ikishapoa unaosha. Tuna watoto watatu, wa mwisho anatambaa. Na je hawa dagaa tunaokula wana shida? – Mke wa mvuvi

JIBU: Dada, hili ningekuwa na namba yako ningepiga simu. Hiyo sufuria kuanzia leo sio ya jikoni. Usioshe, usichemshie hata maji ya kuoga. Akitaka abaki nayo yeye, wewe toboa kitako mwenyewe ili isije ikarudi kwa bahati mbaya siku una wageni.

Mumeo mwambie hivi, na mwambie taratibu maana wavuvi tunawajua. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, mkaa wa kawaida unafika huko kabla hata maji ya ugali ya jirani hayajachemka, ndio maana inaonekana kazi rahisi. Shida haiko kwenye kipande kilichopoa, ukikishika hakikuumi. Shida ni ile ngozi ya kijivu inayoelea juu anayoikwangua na kijiko akaitupa pembeni, ni moshi, na ni lile tope la ndani ya betri alilomwaga alipovunja. Hivyo vyote ni vumbi, na vumbi la uani linaliwa na anayetambaa. Kinda wa miezi kumi ulimi wake ndio mkono wake wa tatu.

Nigeria mwaka 2010, jimbo la Zamfara, watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani na mawe yale yalikuwa na risasi ndani, watoto zaidi ya 400 wakafa, vijiji vizima, na wazazi walidhani ni malaria. Hapo jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri ukutani kwa watu, walipigana mahakamani mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na kule ni kiwanda, kina bomba la moshi. Kwako bomba la moshi ni dirisha la chumba cha kulala.

Hapo uani fanya hivi, sehemu anayoyeyushia ikwanguliwe udongo wa juu ikiwa imelowa, ukusanywe kwenye kiroba kama nilivyomwambia Mama Mchicha, halafu pamwagwe kifusi safi pakandamizwe. Usifagie pakiwa pakavu. Watoto wapeleke hospitali umwambie daktari neno lenyewe, risasi, usiseme wamechoka tu, maana risasi mara nyingi haina dalili, mtoto anaonekana mzima ila darasani hashiki. Kipimo ni cha damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ikifika mikrogramu 5 kwa desilita wanataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kwenu chanzo mnakijua tayari, mmepona nusu ya kazi. Uzito wa nyavu atumie nati kuukuu za chuma, au afinyange vya saruji, watu wanavua navyo na samaki hawajagoma.

Na dagaa, kula dada, kula. Dagaa anaishi muda mfupi na anakula vitu vidogo, hana muda wa kujilimbikizia. Zebaki, nayo ni madini mazito, inapanda kadri samaki anavyokula samaki mwenzake, kwahiyo kama ni kupunguza, mjamzito apunguze wale wakubwa walao wenzao, masangara waliozeeka. Ninachokiogopa mimi kwenye ziwa ni kitu kingine. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kongo, maji mengi yanaondoka kwa kupaa na jua, na risasi haipai. Huko chini hakuna hewa, hakuna mkondo wa kufagia kama mtoni. Kila kinachoshuka na mitaro kuanzia bandarini mpaka Ujiji kinakaa. Watu wa Dar wana bahari ya kujidanganya nayo, sisi wa mwisho wa reli hatuna hata hiyo.

SWALI: Mzee mimi nalima mpunga bonde la Luiche. Mto ukifurika mjomba anashangilia anasema umeleta rutuba, kijana wangu aliyeko chuo anasema umeleta sumu. Nyumbani hakukaliki. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mpe mjomba alama sita kijana mpe nne, wale ugali.

Tope la Luiche sehemu kubwa ni udongo wa milimani uliokatwa miti ukalimwa mpaka mgongoni, kwahiyo hasara halisi ni ya watu wa juu wanaopoteza shamba, wewe wa bondeni unapokea. Kijana hajakosea kanuni lakini, mafuriko yanabeba chochote kilichotulia juu ya mto, na chembe laini ndio zinafika mbali. Kisa anachokisoma chuoni bila shaka ni cha Japani, mto Jinzu, mkoa wa Toyama. Mgodi wa zinki juu ya mto ulikuwa unaachia kadimiamu, maji yakaingia kwenye majaruba, mpunga ukanyonya, watu hasa kina mama wa makamo wakawa wanavunjika mifupa hata kwa kukohoa. Wajapani waliuita ugonjwa ule itai-itai, maana yake inauma, inauma. Serikali yao ilikubali rasmi mwaka 1968 kwamba ni uchafuzi, baada ya miaka mingi ya kuwaambia ni lishe mbaya.

Luiche sio Jinzu. Ila kuna ujanja mmoja wa mpunga ujue. Jaruba likiwa na maji kadimiamu inatulia kwa ile gundi ya salfa niliyoisema juu, ukikausha mapema inaachia na punje inanyonya. Kwahiyo kama siku moja mtapima mkakuta kadimiamu, msikaushe maji mpaka punje zimekomaa. Arseniki, sumu nyingine ya aina hiyo, yenyewe ni kinyume, inapenda jaruba lenye maji, ndio maana usibadilishe chochote kabla hujapima. Mwambie kijana akapime ndio arudi kubishana.

SWALI: Kaka mkubwa, huku Nzega sisi ni wachenjuaji wadogo wa dhahabu. Tunasaga mawe kwenye karasha, tunaosha, dhahabu tunaikamatisha na zebaki. Marudio yetu, yani mabaki ya mawe tuliyosaga, yako kando ya korongo, mvua ikipiga yanashuka mpaka kwenye lambo wanakonywesha ng'ombe. Mwenyekiti wa kijiji anatusumbua. Sasa zebaki si nzito, si inazama chini? Ikishazama ina madhara gani tena? – Mzee wa Karasha

JIBU: Inazama kweli, na hapo ndipo inapoanza. Kwenye tope la lambo hakuna hewa, kuna vijidudu fulani wanaishi humo, wakiipata zebaki wanaigeuza kuwa aina nyingine inayopenda nyama ya viumbe hai. Inaingia kwenye wadudu wa tope, kambale anawala, wewe unamla kambale na ugali. Wajapani tena, maskini, Minamata, mwaka 1956 ndio waligundua watu wanatetemeka, wanapoteza kuona, paka wanajirusha baharini, kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki kwenye ghuba wanakovua. Mkataba wa dunia wa zebaki ukapewa jina la hapo, umeanza kazi mwaka 2017 na Tanzania tuliuridhia mwaka 2020, kwahiyo mwenyekiti wako hajaamka tu vibaya.

Mambo matatu kwa haraka. Marudio yasogezeni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa, na hata kama korongo lenu mnaliona ni kavu miezi nane, mkabishane na mvua. Zungushieni tuta la udongo. Pili, mkichoma ule mchanganyiko wa dhahabu na zebaki tumieni kile chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha zebaki, mnaokoa mapafu na mnaokoa hela maana zebaki inarudi kwenye chupa, na asichome mtu kwenye kibanda cha mama ntilie, nimeshaona kwa macho yangu, kikaango kimoja kina mayai kingine kina dhahabu. Tatu, hili wengi wanalifanya kwa tamaa, marudio yenye zebaki wanauzia watu wa sayanaidi, wale wanaotoa dhahabu iliyobaki kwa kemikali hiyo. Sayanaidi inayeyusha zebaki iliyokuwa imelala, ikitoka hapo inasafiri na maji mbali kuliko mwanzo. Mkataba wenyewe umelitaja hilo kwamba likomeshwe. Kama mnauza, zebaki itolewe kwanza.

Na ng'ombe wapelekeni kwingine wakati mnasubiri.

SWALI: Nikichemsha maji ya kisima kilicho karibu na gereji si nakuwa nimeua hiyo risasi?

JIBU: Risasi haina roho, huwezi kuiua. Ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki ileile, kwahiyo kikombe chako kinakuwa kikali zaidi. Kuchemsha ni kwa kipindupindu na taifodi, endelea kuchemsha kwa hayo. Kwa risasi pima kisima, na kwa maji ya kunywa namba unayoitafuta ni isizidi miligramu 0.01 kwa lita.

SWALI: Mzee nimefunga sumaku ya spika kwenye kamba nimeiburuza mtaroni imetoka na manyoya meusi tele. Ndio hayo madini mazito?

JIBU: Hahaa, umenikumbusha utoto. Hayo manyoya ni vumbi la chuma, la wachomeleaji na la breki na jingine ni mchanga mweusi wa asili tu, chuma kinavutwa na sumaku. Risasi haivutwi, kadimiamu haivutwi, shaba haivutwi, zinki haivutwi. Kwahiyo sumaku ikitoka na manyoya mengi umejua tu kwamba uchafu wa karakana unafika hapo. Ikitoka safi hujajua chochote. Ila kamba hiyo usiitupe, buruza tena juu ya magereji halafu chini yake, ulinganishe manyoya, uniandikie ulichokiona.